Wiski ya moshi ya Uskoti: uanze na chupa ipi?

Anayetaka kuizoea wiski ya moshi ya Uskoti hupewa ushauri wa namna mbili. Wapo watakaomwambia apande ngazi: aanze na Johnnie Walker Black Label, apitie Highland Park, afike Bowmore, na siku nyingi baadaye ndipo aguse Laphroaig. Wapo watakaomwambia ajitose: anunue Laphroaig au Ardbeg leo, ainywe kidogo kidogo mpaka iishe, na chupa ikiisha ama ataipenda ama atajua haimfai. Njia zote mbili zimewafikisha watu. Kasoro yao ni moja, kwamba zinauhesabu moshi kwa wingi tu, kidogo au mwingi. Moshi wa wiski una aina, na mtu aliyeshindwa kabisa na aina moja anaweza kuipenda nyingine jioni hiyohiyo. Ndiyo maana hapa nazilinganisha chupa mbilimbili, ili ujue ni moshi upi unaokufaa kabla hujatoa pesa. Chupa hizi si za bei ya kubahatisha.

Moshi wenyewe unatoka wapi

Wengi hudhani moshi unatoka kwenye pipa, wengine kwenye maji ya kisiwa. Unatoka kwenye kimea. Shayiri hulowekwa, huachwa ichipue, kisha hukaushwa tanurini ili isiendelee kuota. Tanuri hilo likichomwa mboji ya kinamasi, yaani lile tabaka jeusi la mimea iliyooza nusunusu na kushindiliwa kwa maelfu ya miaka, moshi wake hunata kwenye punje zikiwa bado mbichi. Punje ikishakauka, moshi hauingii tena sana. Mboji ya namna hii si ngeni kwetu: Burundi na Rwanda huichimba mabondeni, na Rwanda huichoma kuzalisha umeme katika mtambo wa Gisagara.

Zamani karibu Uskoti yote ilikaushia shayiri kwa mboji, maana ndiyo iliyokuwa kuni ya kila nyumba. Reli ilipoanza kusambaza makaa ya mawe katika karne ya 19, viwanda vya bara viliachana nayo polepole. Islay, kisiwa cha pwani ya magharibi chenye miti michache na mboji tele, kiliendelea nayo. Vivyo hivyo visiwa vya Orkney, kaskazini kabisa, ambako upepo hauruhusu miti mingi kusimama.

Kinachonata kwenye punje ni kundi la kemikali ziitwazo fenoli. Ndani ya kundi hilo, guayakoli hunukia moshi wa kuni na kresoli hunukia lami na dawa ya kidonda. Mboji ya Islay, iliyojengwa zaidi na mimea midogo ya kinamasi kuliko miti, huelekea upande wa dawa. Ya Orkney imejaa mizizi na matawi ya kile kichaka kifupi chenye maua ya zambarau kinachofunika nyika za huko, na moshi wake huwa mtamu, wenye manukato. Ya bara ina masalia ya miti zaidi na hukaribia moto wa kawaida wa kuni.

Fenoli hupimwa kwa sehemu kwa milioni, na namba hizo ndizo wauzaji hupenda kuzitaja. Kimea cha Bowmore huwa karibu 25, cha Lagavulin karibu 35, cha Laphroaig 40 hadi 45, cha Ardbeg karibu 55. Octomore 8.3, iliyotengenezwa na kiwanda cha Bruichladdich hapo hapo Islay, ilifikia 309. Lakini namba hizi zimepimwa kwenye kimea, hazikupimwa kwenye chupa. Sehemu kubwa ya fenoli hupotea njiani: nyingine hubaki kwenye makapi ya shayiri, nyingine huachwa mtungini wakati wa kukeneka, nyingine hufifia pipani mwaka baada ya mwaka. Fenoli hutoka kwa wingi kuelekea mwisho wa mkeneko, kwa hiyo kiwanda kinachochelewa kuacha kukusanya wiski yake huchukua moshi mwingi kuliko jirani yake hata kama walinunua kimea kilekile. Ukinunua chupa kwa kufuata namba peke yake, utaumia.

Black Label na Talisker 10: kwa asiyejua kama anaupenda moshi

Ukiwa Nairobi, Dar es Salaam au Kampala, wiski ya moshi iliyo karibu nawe zaidi ni Johnnie Walker Black Label. Ni wiski ya mchanganyiko, yaani ya viwanda vingi pamoja, ya miaka 12, asilimia 40, na moshi uliomo ndani yake watokana kwa sehemu na Caol Ila ya Islay. Wengi wameinywa miaka nenda miaka rudi bila kuuona moshi huo, kwa sababu huku kwetu humiminiwa kola au hujaziwa barafu mpaka juu. Kola huufunika, na baridi kali huifunga harufu. Chukua robo, mimina kidogo kwenye glasi bila chochote, ongeza maji vijiko viwili vya chai, halafu unuse kabla ya kunywa. Moshi utauona mwishoni, baada ya utamu wa vanila na matunda makavu, kama mkia mwembamba unaobaki kooni.

Talisker hutengenezwa Carbost, katika kisiwa cha Skye, tangu 1830. Ni ya kimea kitupu, kiwanda kimoja, na huja kwa asilimia 45.8. Hapa moshi hauna haja ya kutafutwa, lakini hauji peke yake: kuna chumvi, kuna tunda tamu, na mwishoni kuna mwasho wa pilipili manga unaotambaa ulimini. Mwasho huo ndio alama ya Talisker, nao humsaidia sana anayeanza, kwa kuwa hugawana umakini na moshi. Ukiwa na pweza wa kuchoma au chaza wa Pwani, hii ndiyo chupa ya kuweka mezani.

Nikiwalinganisha wawili hawa, nasema hivi. Kama huna uhakika hata kidogo, Black Label ni kipimo cha bei nafuu. Ukiona mkia ule unakuvutia, usiongeze chupa nyingine ya mchanganyiko, nenda Talisker. Double Black, ambayo ni ndugu ya Black Label yenye moshi mwingi zaidi, ni wiski nzuri, lakini haikufundishi jambo jipya.

Highland Park 12 na Bowmore 12

Hawa niwapitie haraka, kwa kuwa wote ni wapole na wote ni asilimia 40 katika masoko mengi. Highland Park iko Kirkwall, Orkney, tangu 1798, na kwa miaka mingi imechipusha sehemu ya shayiri yake yenyewe kwa kuigeuzageuza sakafuni, kisha kuikausha kwa mboji ya nyika ya Hobbister. Humpa mnywaji asali kwanza, matunda yatokanayo na mapipa yaliyowahi kubeba sheri, mvinyo mkali wa Uhispania, halafu moshi mwepesi wenye manukato. Bowmore, iliyoanzishwa 1779 na ndiyo kongwe kuliko zote za Islay, inakaa ukingoni mwa ghuba ya Loch Indaal. Ghala lake maarufu lina ukuta unaopigwa na bahari. Ndani yake kuna ndimu, asali, chokoleti kidogo na moshi wa kati.

Anayependa vitamu achague Highland Park. Anayetaka kuonja Islay bila kupigwa kofi achague Bowmore. Shida yangu na zote mbili kama shule ni kwamba upole wao unaweza kukudanganya: mtu huzinywa mwaka mzima, akadhani ameuzoea moshi, kumbe ameuzoea utamu uliouzunguka.

Caol Ila 12 na Lagavulin 16: kimea kimoja, wiski mbili

Kama ningeruhusiwa kumfundisha mtu kwa glasi mbili tu, zingekuwa hizi. Zote ni asilimia 43, zote ni za kampuni moja, Diageo, na kimea chao kimetoka tanuri moja, lile kubwa la Port Ellen kusini mwa Islay. Namba ya fenoli inakaribiana. Ukizimimina pamoja utadhani zimetoka visiwa viwili tofauti.

Caol Ila imejengwa mahali ambapo mlangobahari mwembamba unaitenga Islay na kisiwa cha Jura. Mitungi yake ya shaba ni mirefu na mikubwa, na mvuke hupata nafasi ya kugusana na shaba kwa muda mrefu kabla ya kufika juu. Shaba husafisha mambo mazito, na mvuke mzito huanguka na kurudi chini. Wiski inayotoka ni nyepesi na safi. Iangalie glasini: ina rangi ya majani makavu, karibu maji. Ukiinusa, kwanza ni ganda la ndimu, halafu samaki aliyekaushwa kwa moshi, halafu majivu safi ya jikoni. Mdomoni ina mafuta kidogo, haina uzito wa kukuchosha. Moshi wake umenyooka, unaonekana wazi, hakuna tunda la kuuficha wala dawa ya kuutisha.

Lagavulin ina mitungi iliyonenepa chini, mikono yake ya juu imeinama kwa ukali, na mkeneko hufanywa polepole sana. Mvuke mzito hupita badala ya kurudi. Kisha inalala pipani miaka 16, na mapipa ya sheri huacha alama yao. Rangi ni ya kaharabu. Harufu ni ya chai nzito iliyopikwa kwa kuni, zabibu kavu, ngozi ya tandiko, na moshi uliotulia ambao miaka imeulainisha makali. Inakaa mdomoni kwa muda mrefu kuliko wiski nyingine yoyote ya bei yake ninayoijua. Ukitaka kuona miaka ilivyofanya kazi, iweke karibu na Lagavulin 8, asilimia 48, iliyotolewa 2016 kiwanda kilipotimiza miaka 200: moshi wa ile changa unakurukia, wa ile nzee unakusubiri.

Ipi kwanza? Kwa anayejifunza, Caol Ila, na sababu yangu si bei peke yake, ingawa huwa nafuu kuliko Lagavulin 16. Caol Ila inakuonyesha moshi ukiwa mtupu. Ukishautambua hapo, utautambua kila mahali, hata ndani ya Black Label. Lagavulin ni nzuri zaidi, sifichi, lakini ni nzuri kwa mambo mengi kwa wakati mmoja, na anayeanza hawezi kutenganisha lipi ni moshi, lipi ni pipa. Kuna watu ninaowatoa katika kanuni hii: wale ambao moshi uko katika chakula chao tangu utotoni. Aliyekulia kwenye mursik ya kibuyu kilichopakwa mkaa kule Bonde la Ufa, au kwenye maji ya mtungi uliofukizwa ubani huku Pwani, tayari anaujua moshi kama kiungo. Huyo anaweza kuanzia Lagavulin.

Laphroaig 10 na Ardbeg 10: hapa ndipo watu hugawanyika

Barabara inayotoka Port Ellen kuelekea mashariki inapita viwanda vitatu ndani ya kilomita chache: Laphroaig, Lagavulin, Ardbeg. Hewa ileile, bahari ileile. Mwaka 1908 Peter Mackie, aliyemiliki Lagavulin na ambaye alikuwa amenyang'anywa uwakala wa kuuza Laphroaig, alijenga kiwanda kidogo ndani ya uwanja wa Lagavulin, akakiita Malt Mill, akataka kuiiga Laphroaig. Kiliendelea kukeneka mpaka miaka ya 1960, lakini wiski yake haikuwa Laphroaig. Kisa hicho kinanitosha kuamini kwamba moshi si namba wala si ujirani.

Laphroaig, tangu 1815, bado hugeuza sehemu ya shayiri yake sakafuni na kuichoma kwa mboji yake yenyewe. Mwanzoni moshi hupitishwa ukiwa wa baridi juu ya punje mbichi, ndipo joto la kukaushia hufuata. Kisha, katika mkeneko wa pili, kiwanda huacha sehemu ya mwanzo itiririke kwa muda mrefu kuliko kawaida, na vitu vitamu vyenye harufu ya matunda hupita navyo. Kinachobaki kina uzito upande wa dawa. Fungua chupa na utapata iodini, bandeji, mwani uliotupwa ufukweni, lami. Katika enzi ya marufuku ya pombe Marekani iliruhusiwa kuuzwa kama dawa, na ukiinusa utaelewa kwa nini hakuna aliyebishana. Nyuma ya hayo yote kuna utamu wa vanila kutoka mapipa ya wiski ya Marekani, lakini anayeanza huchukua muda kuufikia.

Ardbeg nayo ya 1815, ilifungwa 1981 na kufunguliwa tena 1989, ikanunuliwa na Glenmorangie 1997 na tangu hapo imejaa uhai. Kimea chake kina fenoli nyingi kuliko cha Laphroaig, na chupa ina asilimia 46, haikuchujwa kwa baridi, kwa hiyo mafuta yake yamebaki. Kwa namba, hii ndiyo ya kutisha. Mdomoni sivyo. Mtungi wake wa pili una kifaa kwenye mkono wa juu kinachorudisha mvuke mzito chini, na matokeo yake ni ndimu, peasi, kahawa iliyokaangwa, masizi, pilipili manga, na utamu unaoonekana mapema. Ni moshi wa moto uliowaka vizuri.

Hapa ndipo penye uamuzi. Jiulize harufu ya hospitali inakufanya nini. Kama ukipita karibu na chupa ya dawa ya kusafishia vidonda unageuza uso, usianze na Laphroaig, hata rafiki akusifie namna gani, chukua Ardbeg. Kama harufu hiyo haikusumbui, au una hisia njema nayo, Laphroaig ina kina ambacho Ardbeg haina, na ukiizoea hutaki kibadala. Nimewaona wapenzi wakubwa wa Ardbeg wasioweza kumaliza toti ya Laphroaig, na wale wa Laphroaig wanaoiona Ardbeg kuwa na ndimu mno. Wote wako sawa.

Octomore iache kwanza. Ni wiski ya kuvutia, changa, huwekwa chupani ikiwa na nguvu ya karibu asilimia 60, na anayeionja kabla ya kuzoea atakumbuka makali ya pombe kuliko moshi.

Namna ya kuzionja ili ulinganisho uwe wa haki

Usionje kwa glasi pana ya barafu. Tumia iliyobana mdomoni, hata ile ndogo ya mvinyo. Nusa midomo ikiwa wazi kidogo, glasi ikiwa chini ya kidevu kwanza, ndipo uisogeze. Funda la kwanza ni la kuzoesha ulimi tu, usilitolee hukumu. La pili ndilo.

Maji si dhambi. Mwaka 2017 Björn Karlsson na Ran Friedman wa Chuo Kikuu cha Linnaeus, Sweden, walionyesha kwa hesabu za kompyuta kwamba kilevi kikiwa asilimia 45 au chini, guayakoli hupenda kukaa juu, pale kimiminika kinapokutana na hewa. Kikipita 59 huzama katikati. Tone la maji linakuletea moshi puani. Ardbeg na Talisker hufaidika nalo kuliko Bowmore, ambayo tayari ni nyepesi.

Onja mbili kwa siku, si zaidi, ukianza na yenye moshi mdogo. Baada ya Laphroaig ulimi hausikii tena Highland Park. Mililita 25 kwa kila chupa inawatosha watu wawili kulinganisha, na kujifunza ladha hakuhitaji kulewa. Ushauri wa afya wa Uingereza ni kutopita vipimo 14 kwa wiki, na toti ya mililita 25 ya asilimia 40 ni kipimo kimoja. Glasi usiioshe usiku huo. Asubuhi inuse ikiwa imekauka: vanila na ndimu vimeondoka, kimebaki kile kisichopeperuka upesi. Ya Caol Ila itanukia majivu, ya Laphroaig itanukia lami. Hapo utausoma moshi wa kila kiwanda bila pombe kukuingilia.

Kuhusu chakula, nyama choma yenye mafuta huenda na Caol Ila na Ardbeg. Lagavulin hupendeza na jibini kali ya bluu kama unaipata. Laphroaig mimi huinywa peke yake.

Ningenunua ipi

Kwa pesa ya chupa moja tu, Caol Ila 12. Ikikosekana dukani kwako, na mara nyingi hukosekana, Talisker 10. Kwa mwenye ulimi wa vitamu, Highland Park 12, akijua kwamba anaanzia mbali. Kwa mwenye kula vya moshi tangu utotoni na mfuko unaoruhusu, Lagavulin 16. Kwa chupa ya pili, chagua kati ya Ardbeg na Laphroaig kwa kufuata lile swali la hospitali, na kama uko uwanja wa ndege au mahali wanapouza vichupa vya mililita 50, nunua vyote viwili kabla ya kununua chupa nzima ya kimoja.

Ukiishiwa hamu katikati ya chupa, ifunge vizuri, isimamishe wima, gizani, uiache miezi miwili. Ladha hizi hupendwa kwa kurudiwa, na mara nyingi pua huzoea hata katika siku ambazo hukunywa. Ikiwa baada ya hapo bado unaikunjia uso, mpe anayeipenda, ununue wiski isiyo na moshi. Glenfiddich 12 na Glenlivet 12, pamoja na sehemu kubwa ya viwanda vya Speyside, eneo la kaskazini mashariki mwa Uskoti, vinakusubiri na shayiri iliyokaushwa bila mboji.